Watu Wetu Hawakukimbia

Kwa karibu miaka ishirini nilipata riziki kwa kuchora milima ikitapika moto, na sijawahi kuona mlima hata mmoja ukitoa moshi. Nasema hivi mapema ili msomaji asidhani nilikuwa mtaalamu. Nilikuwa mchora mabango wa mji wa Wote, mwenye cheti cha kidato cha nne, brashi sita na kichwa kigumu.

Kazi yangu ya kwanza ilikuwa kuta za maduka. Nilichora ng'ombe kwenye bucha, birika na mkate kwenye hoteli, kichwa cha mwanamume aliyenyolewa vizuri kwa kinyozi. Kazi hiyo haikuniudhi. Mwenye bucha akitaka ng'ombe anataka ng'ombe, na pembe zikiwa sawa anaridhika. Kilichoniudhi maishani ni picha za mandhari, maana hapo kila mtu ana maoni, na anayejua kidogo ndiye mwenye maoni mengi. Mimi nikiwa wa kwanza.

Mambo ya volkano yalianza mwanzoni mwa miaka ya sabini. Kulikuwa na bwana mmoja mwenye kibanda cha vinyago kando ya barabara ya Mombasa, upande wa Kibwezi, mahali ambapo magari ya watalii yalisimama ili watu wanyooshe miguu. Aliniomba nimletee na picha. Nikampelekea Kilimanjaro na twiga. Wenzangu wawili nao walikuwa wamempelekea Kilimanjaro na twiga. Vibanda vyote vya barabara ile vilijaa twiga yule yule mwenye shingo ile ile, na watalii wakaanza kupita bila hata kugeuka.

Siku moja nikaokota kalenda ya zamani nyuma ya duka la vipuri. Mwezi wa saba ulikuwa na picha ya mlima wa nchi za mbali, umechongoka kama kofia ya karatasi, ukirusha moto hadi mawinguni. Nikaunakili mlima ule kwenye ubao mwembamba wa hadibodi, nikaupandisha juu ya vilima vyetu vya Chyulu, nikaongeza migunga na nyumba tatu za nyasi, na chini kabisa watu wadogo weusi wakikimbia mikono juu.

"Fundi," mwenye kibanda aliniambia wiki iliyofuata, "ile ya moto haikumaliza hata siku. Leta ingine."

Nikaleta. Akaisimamisha mezani, akarudi nyuma hatua tatu kama mtu anayenunua fahali.

"Moto ni kidogo."

"Moto umejaa nusu ya picha."

"Basi jaza ile nusu nyingine. Na hawa watu mbona ni wanne? Mlima mzima unalipuka, wanakimbia watu wanne? Wengine wako wapi, kanisani?"

"Nitaongeza."

"Na twiga."

"Si tumeachana na twiga?"

"Huyo alikuwa amesimama. Huyu mpya weka akikimbia."

Nilimwekea twiga anayekimbia. Alionekana kama ngazi inayoanguka, lakini aliuzwa pamoja na picha yake, na mwenye kibanda akanitazama kwa namna ya kusema, unaona? Kuanzia hapo nikawa na kanuni. Kwanza anga la zambarau. Kisha rangi nyekundu ya kupaka malori, kwa sababu inang'aa kuliko ile ya milango. Rangi ya chungwa nzito mdomoni mwa mlima. Watu mwisho: mstari mmoja wa mwili, miwili ya mikono, miwili ya miguu, na nukta ya kichwa. Nilikuwa naweza kukimbiza watu kumi na wawili kwa dakika tano. Anayejua kuchora atakuambia kwamba mtu anayekimbia ni rahisi kuliko aliyesimama. Aliyesimama anadai mabega, anadai mzigo, anadai uso. Anayekimbia hadai chochote.

Sasa nieleze habari za mama mkwe, maana bila yeye haya mengine hayaeleweki. Kwa desturi yetu Wakamba, mwanamume na mama wa mke wake hawatazamani usoni. Mkikutana njiani mmoja anaingia kichakani, yeyote aliye karibu zaidi na kichaka. Hamli pamoja, hampeani mikono, na maneno yenu hupitia kwa mtu wa tatu. Ni heshima, si uadui. Nayo iko njia ya kuiondoa: mkwe analeta mbuzi na blanketi, wazee wanakula, na baada ya hapo mnaweza kukaa chumba kimoja. Wenzangu wengi waliosoma walikuwa wameshaifanya. Mchungaji wa kanisa la mama mkwe mwenyewe alikuwa amesema kwamba mambo hayo yamepitwa. Mama mkwe alijibu kwamba ameokoka vizuri, lakini hajasikia popote Yesu akimwamuru atazame magoti ya mkwe wake.

Kwao ni Ikutha. Tulipokwenda huko kila Desemba, mimi nilikaa sebuleni na yeye jikoni, katikati yetu ukuta wa matofali mabichi na mlango uliofunikwa kwa shuka. Tulisikiana kila neno, hata kukohoa. Lakini neno halikuhesabika kuwa limesemwa mpaka mke wangu alirudie.

"Muulize mkwe kama barabara ilikuwa nzuri," mama mkwe angesema kutoka jikoni.

Mke wangu, ameketi mlangoni akichambua pojo, angesema bila kuinua kichwa, "Mwaitu anauliza kama barabara ilikuwa nzuri." Mwaitu ndivyo tunavyowaita mama zetu.

"Mwambie ilikuwa na mashimo."

"Anasema ilikuwa na mashimo."

"Mpe pole."

"Anakupa pole."

Mke wangu akienda mtoni kuteka maji, mama mkwe aliongea na kuku. "Wewe kuku," angesema, "kama kuna mtu mwenye kiu hapo, maji yako mtungini nyuma ya mlango." Nami ningemwambia kuku kwamba nashukuru, lakini nimeshakunywa. Nikikumbuka saa nilizotumia maishani kuongea na kuku wa Ikutha naona aibu, maana mbuzi nilikuwa nao, na blanketi halikuwa jambo la kunishinda. Niliahirisha. Mwaka huu mvua haba, mwaka ule watoto shule. Ukweli ni kwamba ule ukuta ulinifaa. Nyuma ya ukuta mtu hakuoni unapodanganya.

Desemba moja nikampelekea picha ya volkano kama zawadi. Nilidhani ni zawadi nzuri. Mke wangu akaiingiza jikoni. Macho ya mama mkwe yalikuwa bado mazima siku hizo.

"Muulize," akasema hatimaye, "hawa wanakwenda wapi?"

"Mwaitu anauliza hawa wanakwenda wapi."

"Mwambie wanakimbia moto. Zamani, kabla ya wazungu, Chyulu ililipuka. Tulifundishwa shuleni."

Nilisema hivyo kwa sauti ya mwalimu wa jiografia. Mke wangu hakumaliza hata kuyarudia, mama mkwe akacheka, na kicheko chenyewe kilikuwa cha mtu aliyekasirika.

"Mwambie watu wetu hawakukimbia."

Hapo ndipo nilipojua kwamba nyanya yake alikuwa msichana mdogo chini ya vilima vile moto ulipotoka. Familia yao iliishi huko kabla ukame haujawasukuma kuvuka mto Athi hadi Ikutha. Nyanya ndiye aliyemlea, na alimsimulia jambo lile tena na tena mpaka akalishika kama mtu anavyoshika njia ya kisimani. Sasa akanisimulia mimi, sentensi moja moja, na mke wangu akairudia kila sentensi, mchana kutwa, mpaka pojo zikaisha na akaanza kuchambua mbaazi.

Mlima haukurusha kitu, alisema. Ardhi ilipasuka chini, karibu na mashamba, kama kisigino cha mtu asiyepaka mafuta. Kilichotoka kilikuwa cheusi. Wekundu ulikuwa ndani ya nyufa tu, na jua likiwaka hukuuona kabisa. Kilikwenda polepole kuliko mbuzi kiwete. Sauti yake ilikuwa ya vyungu vinavyovunjika, vyungu vingi, bila kukoma. Majivu yalishuka mepesi kama unga na kufunika vibuyu. Nyuki wakahama kabla ya watu.

"Mwambie watu walisimama wakitazama shamba la mtama likiliwa mstari kwa mstari," alisema. "Nyumba ikikaribiwa, waling'oa nguzo zake wakazibeba. Walibeba mizinga. Walibeba mbegu. Nyanya wa nyanya yangu alikataa kutoka mlangoni mpaka siku ya tatu, na alipokubali alibebwa juu ya ngozi ya ng'ombe na vijana wanne, polepole, kwa sababu hakutaka kutikiswa. Hakuna aliyepiga kelele. Hakuna aliyekimbia. Nani akimbie na nguzo begani?"

Na mimi, mjinga mwenye cheti, nikasema, "Mwambie kitaalamu volkano lazima irushe. Kuna shimo juu, mvuke unajikusanya ndani, halafu unalipuka. Iko kwenye kitabu."

Mke wangu akanitazama. Nakumbuka mtazamo ule kuliko ninavyokumbuka arusi yetu. Lakini aliyarudia, maana ndiyo ilikuwa kazi yake.

"Muulize mwandishi wa kitabu alikuwa amesimama wapi," mama mkwe akajibu.

Baadaye jioni alitoa ombi lake. Alisema waliosikia kwa nyanya wote wamekufa, amebaki yeye. Wajukuu akiwasimulia wanacheka, wanasema vilima ni vilima. "Mwambie anichoree hiyo ya kweli. Moja tu. Ya watu wanaotembea. Niiweke ukutani. Watoto wa siku hizi hawaamini mdomo, wanaamini picha."

Nikasema nitachora. Nilisema kwa moyo, hilo naweza kuapa. Lakini niliporudi Wote kulikuwa na oda tatu za moto, na baada ya hizo nyingine tano.

Alingoja miaka kumi na mmoja. Kila Desemba aliuliza, na kila Desemba nilikuwa na sababu mpya: hadibodi imekosekana, nimepata bango la shule, natafuta rangi nyeusi inayofaa. Hiyo ya rangi nyeusi niliitumia mara mbili. Naye kila mwaka aliongeza kitu alichokuwa amesahau. Mwaka mmoja alikumbuka kwamba ng'ombe walikataa maji. Mwaka mwingine kwamba mwanamke mmoja alirudi kuchukua jiwe la kusagia, akalifikisha nusu ya njia, akaliacha, na alilia kwa sababu ya jiwe kuliko kwa sababu ya nyumba. Yote yalipita kwa mke wangu, nami nikaitikia, "Mwambie nimesikia." Sikuandika hata neno moja. Nilikuwa na daftari la oda, lakini halikuwa na ukurasa wake.

Niliudhika naye pia, niseme ukweli. Nilichoka kuulizwa. Niliona ni mwanamke mkaidi anayetaka picha ambayo hakuna mtu angenunua. Nani ananunua picha ya lava nyeusi na watu waliosimama? Siku moja nilimwonjesha mwenye kibanda habari hiyo, kujaribu.

"Watu wamesimama?" akasema. "Fundi, wamesimama wakingoja basi?"

Tukacheka wote wawili. Nilicheka sana, na sijisamehe kile kicheko.

Kisha ukaja mwaka ambao rafiki yangu dereva alikuwa akipeleka mchanga kwa mtu aliyejenga karibu na vilima, akaniambia nipande nione milima ninayoichora. Sikuwahi kufika hata mara moja. Nilikuwa nimeviona vilima vile maisha yangu yote, vya buluu, vya mbali, vimelala kama ng'ombe wanaocheua. Akanishusha mahali ambapo majani yanakoma ghafla. Mbele yangu kulikuwa na jiwe jeusi, limemwagika na kukunjana, limepasukapasuka, limeenea hadi jicho linapochoka. Halikuwa limeanguka kutoka juu. Lilikuwa limetoka chini na kutembea. Nikakanyaga ukingo wake, vipande vikateleza chini ya viatu, na sauti yake ilikuwa ya vyungu vinavyovunjika.

Dereva akaniuliza mbona nimenyamaza. Nikamwambia jua ni kali.

Basi nilijua. Hilo ndilo jambo ninalotaka lieleweke. Kabla ya siku ile ningeweza kujitetea kwa kitabu. Baada ya siku ile sikuwa na utetezi. Nikarudi Wote, nikaweka hadibodi mpya kwenye meza, nikajaribu. Nilichora lava nyeusi, ikawa kama shamba lililochomwa. Nilichora watu wanaotembea, wakawa kama foleni ya kliniki. Mikono yangu ilikuwa imesahau mabega. Bibi kizee aliyebebwa kwenye ngozi alionekana kama gunia. Nikajaribu siku mbili, nikakasirika, na siku ya tatu akaja mtu wa kibanda mwenyewe kwa basi, jambo ambalo hakuwahi kulifanya, kusema anataka picha kubwa mbili za moto kwa ajili ya hoteli fulani. Nikafuta ile hadibodi kwa tapentaini nikachora moto juu yake.

Wakati huo macho ya mama mkwe yalikuwa yanaisha. Mtoto wa jicho alikuwa ameziba yote mawili, na daktari wa macho alipopita kwenye misheni alisema la kulia limechelewa na la kushoto lingojee. Mke wangu aliniambia mwezi wa kumi, amesimama mlangoni mwa karakana yangu: "Baba watoto, Desemba hii ndiyo ya mwisho. Baada ya hapo hata ukimchorea mbingu hataiona."

"Nitachora."

"Unasema kama mtu anayefukuza nzi."

Nilikuwa na wiki tisa. Nilichora mabango mawili ya kampuni ya soda, ukuta wa kinyozi, na milima minne ya moto. Siku ya kusafiri ikafika. Karakana ilikuwa na picha moja iliyokauka, ile ya pili ya hoteli, ambayo walikuwa wameikataa kwa sababu twiga alikosa mkia. Nikaifunga kwa gazeti na kamba. Nilijiambia kwamba macho yake sasa yanaona mwanga na kivuli tu. Ataona wekundu kidogo na weusi kidogo, na ataridhika. Nilijiambia kwamba ni heri hii kuliko mikono mitupu. Mtu akitaka kufanya jambo baya hujikuta na maneno mengi mazuri.

Mke wangu aliuliza njiani, "Umeichora?" Nikasema, "Si hii hapa?"

Ikutha tulikaa kama kawaida, mimi sebuleni, wao jikoni. Nikasikia kamba ikikatwa, gazeti likikunjuliwa. Mke wangu alikuwa anaitazama. Nilijua anachokiona: anga la zambarau, moto wa rangi ya malori, watu ishirini na wawili mikono juu, na twiga. Nilikaza macho kwenye shuka la mlango nikingoja anivue nguo mbele ya mama yake, kwa maneno. Nilistahili.

"Mwanangu," mama mkwe akasema. "Mimi naona ukungu tu. Niambie kuna nini."

Mke wangu akavuta pumzi.

"Kuna weusi," akasema. "Umetoka chini, mwaitu, si juu. Ardhi imepasuka karibu na mtama. Wekundu uko ndani ya nyufa, kidogo tu, kama makaa chini ya majivu."

"Mm."

"Mtama umeliwa mistari mitatu, wa nne unaanza kuinama. Vibuyu vimekuwa vyeupe kwa majivu. Mizinga iko mitupu, nyuki wameshaondoka. Kuna wanaume wamebeba nguzo, huyu wa mbele amegeuza shingo kuangalia nyuma, lakini miguu yake inatembea. Kuna mwanamke ameinama juu ya jiwe la kusagia."

"Amelichora jiwe?" Sauti ya mama mkwe ilipanda. "Hata jiwe?"

"Amelichora."

"Na nyanya yetu mzee?"

"Yuko juu ya ngozi. Ameketi sawasawa, ameshika fimbo yake mapajani."

"Wamembeba wangapi?"

"Wanne."

"Wanakimbia?"

"Hapana, mwaitu. Hakuna anayekimbia."

Niliposikia mama mkwe akilia sikujua pa kuweka mikono yangu. Alilia kidogo tu, kama mtu anayepenga kamasi. Kisha akafanya jambo ambalo hakuwahi kulifanya kwa miaka yote niliyomjua. Hakumwambia mke wangu aniambie. Hakumwita kuku.

"Mkwe," akaita.

Nilidhani nimesikia vibaya.

"Mkwe, uko hapo. Umefanya vizuri. Nyanya angekushukuru. Nami nakushukuru."

Ningeweza kusema wakati ule. Ukuta ulikuwa hatua tatu. Badala yake nikasema, "Asante, mwaitu." Nilimwita mama, kwa mara ya kwanza, juu ya uongo.

Siku iliyofuata tuliporudi, mke wangu alitembea mbele hadi barabarani, haraka, na mzigo kichwani. Nilipomfikia nilisema jambo la kipuuzi kuliko yote niliyowahi kusema. Nilisema, "Umemdanganya mama yako."

Akasimama. "Mimi?"

"Si umemwambia vitu ambavyo havimo?"

"Mimi nimemwambia yaliyotokea. Wewe ndiye umemletea twiga." Akaurekebisha mzigo kichwani. "Twiga, baba watoto! Bila mkia!"

"Basi rudia yale maneno. Tukifika nyumbani uniambie polepole, niyachore. Nitaibadilisha kabla..."

"Nirudie?" Akacheka, na nikamsikia mama yake ndani ya kicheko kile. "Kila neno la mwaitu lilipita katika kinywa hiki, miaka kumi na mmoja, mpaka nikalijua kama jina langu. Nilikuwa nikilirudia mbele yako, si umbali wa hatua mbili. Ulikuwa unasikiliza nini?"

Nilikuwa nasikiliza lini ataacha kuuliza.

Mama mkwe alikufa mwaka uliofuata, kabla ya mvua za Aprili. Picha ilikuwa imetundikwa sebuleni kwake, ukuta wa mbele, mahali pa heshima, na kila aliyeingia aliambiwa kwamba mkwe wake aliyesoma ndiye aliyeichora. Sikuwa nimeibadilisha. Nilikuwa nimesema nitaibadilisha.

Siku ya mazishi uwanja ulijaa. Mzee wa kanisa aliyeongoza ibada alikuwa mtu mwema, mwenye sauti ya kufika mtoni. Alikuwa ameiona picha alipoingia kuomba na familia, na alipofika katikati ya mahubiri akawaomba vijana wawili waitoe nje. Wakaisimamisha juu ya kiti kando ya jeneza. Jua likaipiga, na ile rangi ya malori ikang'aa kama siku niliyoinunua.

"Mnaona?" akapaza sauti. "Mama yetu alituachia somo ukutani kwake! Babu zetu walipoona moto walifanya nini?"

"Walikimbia!" watu wakaitikia.

"Walikimbia namna gani?"

"Mbio!"

"Waliangalia nyuma?"

"Hapana!"

"Hata mnyama alikimbia! Na wewe mwenye dhambi, moto wa milele unakuja, umesimama unangoja nini?"

Watu wakapiga makofi, wengine wakacheka kwa sababu ya twiga, na wajukuu wake waliokuwa wameketi mbele wakawa wanaitikia kwa nguvu kuliko wote. Walikimbia, walikimbia. Nilihesabu mara saba. Mama yule alikuwa ametaka picha moja ili watoto wale waamini, na sasa walikuwa wanaamini, kwenye mazishi yake, kinyume cha alichotaka, kwa mkono wangu. Nilijua napaswa kusimama. Nilikuwa nimevaa koti, nimekaa benchi la wakwe, watu wote walinijua kuwa ndiye mchoraji. Nilijisogeza mbele kidogo, nikajisogeza nyuma.

Mke wangu ndiye aliyesimama. Alitembea mpaka kwenye kiti, akaishika picha, akailaza chini majanini, uso juu, bila hasira. Mzee wa kanisa akadhani anataka kuomba, akampisha.

"Hawakukimbia," akasema.

Kisha akasimulia. Hakusema "mwaitu anasema" wala "anakuambia". Alianza na ardhi iliyopasuka kama kisigino, akaenda hadi kwenye mtama, hadi kwenye vibuyu, nguzo, nyuki, ng'ombe waliokataa maji. Alisimulia kwa sauti ya kawaida, ya kuongea na mtu aliyeketi karibu, hivyo watu wa nyuma walilazimika kusogea. Alipofika kwenye jiwe la kusagia wanawake wazee walitikisa vichwa. Alipofika kwenye ngozi alinyoosha vidole vinne. Mjukuu mmoja akauliza kwa sauti, "Na kwenye hii picha, basi hawa wanaokimbia ni nani?"

Mke wangu aliniangalia. Uwanja mzima ukageuka kuniangalia. Hakunijibia, na nilielewa kwamba hatanijibia tena kamwe.

Nikasimama. "Hao niliwabuni mimi, na mlima wao ni wa kalenda," nikasema. "Mama aliniomba niwachore watu wenu, nikachora wanaouzika. Nilijua si kweli. Nimekosa."

Nikakaa. Mke wangu akaendelea kutoka pale alipoachia, vijana wanne, polepole, kwa sababu bibi kizee hakutaka kutikiswa.